Mwenye Kusema "Kata"

Wifi yangu alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa karakana, nilifurahi siku nzima. Siku ya pili akaanza kunichosha.

Sisi tunashona mapazia ya kumbi na hoteli, na mkataji ni mimi. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka. Mkasi wa umeme ukipita mara moja umekata mapazia mengi kwa pamoja, na ukikosea umeyakosea yote. Kwa hiyo tuna desturi yetu: anayepima hakati mpaka mwenzake apime upya na kusema kwa sauti, "Kata." Akishalisema neno hilo, lawama imehamia kwake. Bosi hajui habari hiyo, wala hatujawahi kumweleza. Yeye humtafuta aliyeshika mkasi.

Zamani neno hilo lilisemwa na yeyote aliyekuwa karibu. Wifi akalichukua peke yake.

"Nisipotazama mwenyewe, wifi, usingizi haunijii," aliniambia.

Basi akawa anatazama kila kitu. Alifumua mshono wa huyu, akatunga uzi kwenye cherehani ya yule, akampokonya mpiga pasi pasi iliyokuwa na moto sawasawa ili aione. Sisi tukabaki kupanga foleni tukimsubiri. Redio, mshonaji wetu ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema siku hizi hata akitaka kukohoa inabidi aombe ruhusa. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Yule ni mdogo wa mume wangu. Mkasi nimemfundisha kuushika mimi, leo ananisimamia begani kana kwamba nimeanza kazi jana. Nikaacha kurudia vipimo vyangu. Anataka kutazama, nikasema moyoni, na atazame.

Ikaja kazi ya ukumbi mkubwa, kitambaa kizito cha buluu. Bosi alikuwa ametuonya mapema kwamba jora lingine likiharibika, mkataji afungashe virago. Onyo hilo lilinikaa kifuani, maana kiwanda cha mume wangu kilikuwa kimefungwa na nyumba yetu ilikuwa imeuegemea mkasi wangu. Hata hivyo nilipima mara moja tu, nikachora chaki, nikamwita wifi. Alikuwa na simu sikioni na watu watatu nyuma yake, kila mmoja na lake.

"Kata, kata," akasema akipita. Hakuinama hata kidogo. Nikakata.

Aliyegundua ni Redio, alipotaka kuanza kukunja. Aligeuza kitambaa huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza polepole.

"Jamani, hapa pa kukunja pindo pako wapi?"

Nilikuwa nimechora urefu wa dirisha mpaka sakafuni, basi. Sikuongeza kitambaa cha pindo, juu wala chini. Nikaishika meza.

Bosi aliingia wakati huohuo, kama aliyeitwa. Aliinua kitambaa, akakipima kwa macho, akauliza swali lake lile lile.

"Nani amekata?"

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Wifi alikuwa upande wa pili wa meza. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufumba. Kisha akamgeukia Bosi.

"Niliyesema akate ni mimi. Nilisema bila kutazama. Kama kuna wa kuondoka, niondoke mimi."

Bosi hakuzoea kujibiwa hivyo. Akasema mteja ndiye atakayeamua. Akikataa mapazia, sote wawili tusirudi.

Alipotoka, wifi alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu apewe cheo.

"Mimi sina wazo," akasema. "Tufanyeje?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumesahau kwamba tunaweza kuulizwa. Mwishowe mpiga pasi akasema tuna mabaki ya kijivu, tuunge ukanda juu na chini. Redio akapinga: ukanda mwembamba utaonekana kiraka, uwe mpana ili mtu adhani tumekusudia. Tukabishana, na wifi akatuacha tubishane. Tulipokubaliana, aligawa kazi, akasema kila mmoja atazame ya mwenzake, yeye apewe mapindo ya kukunja. Alikunja mapindo mpaka mwisho. Begani kwa mtu hakusimama tena.

Mteja aliyapenda. Aliuliza ukanda ule ni ubunifu wa nani, na wifi akamwonyesha mpiga pasi, ambaye siku nzima hakuweza kufunga mdomo kwa tabasamu.

Jioni hiyo wifi alikuja kwetu. Mume wangu alikuwa sebuleni, sisi tukaosha vyombo jikoni. Alisugua sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wifi, kuna kitu kinaniuma. Siku ile Bosi alipouliza, nilitaka kusema ni wewe. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni."

"Najua," nikamwambia. "Nililiona."

Akaacha kusugua. "Uliliona, na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utalimeza."

Aliinamisha kichwa juu ya beseni, akilia, nami nikaichukua ile sahani mkononi mwake nikaisuuza.