Sababu Tatu za Fundi Baridi

Fundi Baridi, mtengeneza mafriji, alikuwa na siku moja tu ya kukataa, na kama ilivyo desturi ya watu wazito wa kuamua, nusu yake aliitumia kufungua friji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Barua ya shule ilikuwa mezani, imekandamizwa na kompresa kuukuu ya friji. Ilisema kwamba binti yake, kati ya watoto mia nne, amechaguliwa kuingia Darasa Maalumu la Masomo ya Binadamu katika shule ya bweni: historia, fasihi, lugha na falsafa, miaka minne. Jibu lifike kesho kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

"Masomo ya Binadamu," Fundi alisoma kwa sauti. "Kwani sisi wengine tulisoma ya mbuzi?"

"Wewe hata hayo hukusoma," dada yake akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ulikuwa unatoroka kwenda kuchungulia trekta."

Huyo ndiye shangazi mtu, msusi. Saluni yake na karakana vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukuwahi kutunza siri ya mtu. Mama mtu, muuguzi, alisema lake asubuhi kabla ya kwenda zamu: "Mimi nimeshakubali. Umebaki wewe, na wewe hukubali kwamba mvua inanyesha mpaka ulowe."

Mwenyewe binti alikuwa ameketi kwenye kigoda akiandika vibandiko. Ndiyo kazi yake kila akitoka shule: mteja anaeleza friji lake linaugua nini, naye anaandika na kubandika mlangoni. Mtu mwingine angeandika "haligandishi" akamaliza. Yeye aliandika hivi: "Mwenye mali anasema limeanza juzi. Mtoto wake anasema tangu mwaka jana. Mtoto haelekei kuwa na sababu ya kudanganya." Fundi akifungua, anakuta mtoto ndiye mkweli.

Basi ikumbukwe pia kwamba mwandiko wa Fundi ulifanana na nyaya zilizoungua, kwa hiyo barua zote za karakana ziliandikwa na binti huyohuyo.

"Chukua karatasi," Fundi akaamuru. "Andika kwamba nashukuru, lakini nakataa."

"Niandike mimi?"

"Kuna mwingine hapa mwenye mwandiko?"

"Makubwa haya!" ukuta ukasema. "Kuku katumwa dukani akanunue kitunguu cha mchuzi wake!"

Binti alikunja uso kidogo tu, kisha akaweka kalamu tayari. "Sababu, baba? Bila sababu watadhani umekurupuka."

"Ya kwanza, falsafa haitengenezi kitu. Ya pili, shule iko mbali."

"Saa moja na nusu kwa basi."

"Usinikate kauli! Ya tatu ijaze mwenyewe, si wewe ndiye mjuzi wa maneno?"

Hapo ndipo Fundi alipokosea. Binti aliinama akaandika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusema hapana. Alipomaliza alisimama, akakohoa kama mwenyekiti wa mkutano, akasoma:

"'Mheshimiwa Mwalimu Mkuu. Baba yangu anakataa kwa sababu tatu. Ya kwanza, falsafa haitengenezi kitu. Hii ameisikia kwa mteja wiki iliyopita. Kabla ya hapo hakuwa na ugomvi na falsafa. Ya pili ni umbali. Mwezi uliopita alisafiri mara mbili ya umbali huo kufuata mpira wa mlango wa friji, akarudi anaimba. Ya tatu hakuitaja. Naona ni kwamba hapa karakanani tunabishana sana, na nikiondoka atabaki na mafriji, ambayo hayajibu. Hii ina uzito kuliko zile mbili. Hata mimi inanisumbua.'"

Nyuma ya ukuta, mkasi wa msusi ulisita.

Fundi alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. "Nani kasema niliimba?"

"Nilikuwepo, baba."

"Haya. Mbona nimehojiwa peke yangu? Wewe unataka nini?"

Sauti ya mwenyekiti ikamtoroka binti. "Nataka kwenda. Naogopa, lakini nataka. Kwenye historia huyu anasema hivi, yule anasema vile, na wote wameshakufa. Natamani kujua nani mkweli mpaka silali vizuri."

Fundi alimtazama, akapima. Mtoto asiyeweza kuandika uongo hata kwa amri ya baba yake, aliwaza, hatafaa kabisa katika biashara ya mafriji.

"Chana hiyo," akasema. "Andika: nakubali kwa shingo upande."

"Shingo tuitoe."

"Shingo ni yangu!"

"Watadhani unaumwa."

"Itoe, kaka, itoe!" ukuta ukarudiwa na uhai.

"Basi andika nakubali."

"Nimeandika. Niweke nukta?"

"Nukta ya nini? Weka mkato. Bado nina la kusema."

Binti akaweka mkato, akasubiri. Fundi akafungua mlango wa friji lililokuwa karibu, akaingiza kichwa ndani kana kwamba anatafuta hitilafu, na sauti yake ikatokea humo ikiwa imepoa:

"Waambie, siku wakimwona huyu mtoto kanyamaza, wanipigie simu haraka. Atakuwa anaumwa."