Kitanda cha Mzee Lami

Chumba cha mama mkwe kililowa mpaka chura akahamia kabatini, na wenye masikio wanasema chura mwenyewe alikuwa akikohoa kwa unyevu. Ndipo mama mkwe akahamishiwa chumba kikubwa alale na binti yake, na mume wa binti, mwenye kitanda, mstaafu wa kiwanda cha sabuni, akasukumiwa kwenye kochi la sebuleni. Kochi lenyewe fupi. Akinyoosha miguu, shingo inapinda; akiinyoosha shingo, magoti yanamfuata kidevuni.

Mzee hakutaka kingine duniani ila kitanda chake. Na njia ya kukipata ilikuwa kuziba gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ukingoni mwa paa, juu ya chumba kile kilicholowa.

Basi akaziba. Kila mvua ikikatika alipanda ngazi na kopo la lami, akapaka kila kiungo mpaka gata likawa jeusi kama sufuria ya shughuli. Majirani wakamwita Mzee Lami. Akawaapia kwamba gata lile sasa lingevuka bahari na abiria ndani. Mvua ikarudi, ukuta ukalia upya.

"Mama anasema bado inavuja," mkewe alimwambia huku akikamua tambara.

"Inavujia wapi?"

"Ukutani."

"Ukutani najua. Maji yanaanzia wapi?"

"Amesema inavuja, Baba Watoto. Sasa nikamhoji mama yangu kama polisi?"

Angeenda kujionea mwenyewe, lakini mchana mama mkwe alikaa mle mle chumbani kwake, kwa kuwa dirisha lile ndilo lenye mwanga wa kushonea. Na yeye akiwamo, mkwe hakanyagi. Waliheshimiana hivyo tangu ndoa. Maneno yao yote yalipitia kwa binti, na binti alizaliwa na ugonjwa wa kufupisha.

Alasiri moja mvua ilimwagika kama imefukuzwa huko juu. Mzee Lami alisimama nje na mwavuli, akalikodolea macho gata lake. Halikudondosha hata tone. Akaanza kutabasamu. Dirisha likafunguka.

"Baba," mama mkwe akasema.

Mwavuli ulimponyoka.

"Unaziba mbele, maji yanapita nyuma. Nayaona kila siku nikishona. Nimemtuma mwenzio akwambie mpaka nimechoka."

"Ameniambia inavuja, mama."

"Yaani katika yote niliyosema, limefika hilo tu?"

Akafunga dirisha.

Mzee Lami alipanda na mvua ile ile, akapitisha vidole nyuma ya gata. Mabati ya paa yalikuwa mafupi. Maji yakifika ncha hayakurukia gatani. Yalijikunja chini ya bati, yakauramba ubao, yakateremka nyuma ya gata hadi ukutani. Lami yote ile ilikuwa ikilinda mahali ambapo maji hayakuwahi kupita. Alitaka kulitukana paa tusi refu la kiwandani, lakini mama mkwe alikuwa dirishani chini ya miguu yake. Akalimeza.

Mvua ilipokatika alikata vipande vya bati, akavikunja, akavichomeka chini ya ncha za paa, midomo ya vipande ikining'inia ndani ya gata. Mvua iliyofuata iliingia gatani kwa kishindo, pipa likafurika, ukuta ukabaki mkavu. Ukakauka hivyo hivyo mpaka chura akafungasha.

Jioni hiyo Mzee Lami alikunja blanketi la kochi, akatia mto wake kwapani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kikubwa.

"Mama anasema ahsante."

"Mwambie karibu. Nipishe."

"Anasema pia mgongo wake umekizoea kile kitanda. Na lile godoro la kule linanuka chura. Na wewe kochi limeshakujua."

"Leo hukufupisha."

"Leo amenikaririsha mara mbili."

Asubuhi mkewe alimkuta akiegemeza ngazi upande wa pili wa nyumba, juu ya chumba kikubwa, koleo la kukatia bati mfukoni.

"Huko hakuvuji, Baba Watoto."

"Bado," Mzee Lami akasema, akapanda.