Gusa Unayoitaka

…nyeusi, silva au dhahabu, anauliza Nuruddin mwenye duka, amezipanga laptop tatu juu ya kioo cha kaunta, ndani zote ni sawa, dada, tofauti ni rangi tu, na kaka Mahona pembeni yangu anacheka, anasema mpe muda, wanawake na rangi, natamani nimzabe kibao hapa hapa, wanawake na rangi, yeye aliyempeleka ng'ombe wangu mnadani akamuuza mimi nikiwa kazini Lagangabilili nachapa barua za watu, hakunipigia hata simu, simu anayo, vocha haimpungukii, ni mama aliyenipigia jioni, Milembe, ng'ombe wako hayumo zizini, kaka yako amempeleka mnadani… "Hii silva haichafuki ovyo," anasema Nuruddin, "nyeusi inashika sana alama za vidole, dhahabu ndiyo wanaichukua akina dada wa maofisini," naitikia kwa kichwa, Nuruddin hana kosa, yeye anauza, lakini maneno yake yananipita tu, namwona ng'ombe wangu, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, mkorofi kukamuliwa, alikuwa anatulia kwa mama peke yake, baba alinipa angali mtamba nilipofaulu kidato cha nne, wajomba wakanung'unika, tangu lini msichana akapewa ng'ombe wakati yeye ndiye wa kutuletea ng'ombe wa mahari, baba akawaambia huyu ni wake, nimemaliza, na baba alipozikwa Mahona akashika fimbo, akashika zizi, akajiona amenishika na mimi. "Siku hizi ni soko huria," ndivyo alivyonijibu nilipomuuliza, "mali ikilala zizini inakula tu, wewe unasoma chuo, laptop itakufaa kuliko maziwa," soko huria, analitaja kila akitaka kufanya jambo bila kumuuliza mtu, pamba ya mama nayo alimpelekea mnunuzi aliyemtaka yeye, soko huria, mama, na mama akabaki anakunja magunia matupu… na laptop kweli naihitaji, hapo ndipo paniumapo, utafiti wangu nauandika kwenye kompyuta ya ofisi wenzangu wakishaondoka, mlinzi ananigongea dirisha, ananiambia dada, nafunga, kwa hiyo Mahona ananiuza na bado anajua kunipatia ninachohitaji, mshenzi huyu.

"Dada yangu, chagua mwenyewe," anasema, "gusa unayoitaka, mimi nalipa."

Gusa… mbona leo amekuwa mwema hivi, Mahona ambaye hata jina la mtoto wake wa kwanza hakumuuliza mkewe, kule nje nilimwambia nunua yoyote tuondoke, jua kali, akakasirika kabisa, hapana, lazima uchague kwa mkono wako, mkono wangu una nini… Novatus. Jirani yetu Novatus, ng'ombe wetu walipomlia dengu, baba alimwita zizini, na kwetu ndivyo inavyofanyika, aliyekosewa anaingia, anaweka mkono juu ya mgongo wa mnyama anayemtaka, basi, kesi imekufa, hadai tena chochote, Novatus kwa hasira akagusa dume dogo la karibu, akaondoka nalo, kesho yake akakuta kumbe na shamba la pili lililiwa lote siku ile ile, akarudi analia, wazee wakamwambia mkono ni wako, hukushikwa, na Mahona siku hiyo alikuwepo, alisimama na mimi pale pale kwenye lango la miba akiangalia… kumbe ndiyo maana. Mtamba! Mtoto wa yule mwekundu bado yumo zizini, juzi mama aliniambia kaka yako anamzungukazunguka mtamba, anasema amenenepa, na mimi nikadhani anamsifia, wallahi nikafurahi, sasa naelewa, nikiweka kidole kwenye hii silva ng'ombe amekwenda na mtamba amekwenda, nikilia wazee wataniambia ulipelekwa Bariadi, ukachagua rangi mwenyewe, ukabeba, unataka nini tena, na Nuruddin huyu huyu masikini ataitwa kushuhudia, ndiyo, dada aligusa mwenyewe… hasira hii sijawahi kuijua, mikono naiingiza kwenye mkoba, nashika funguo, leso, chochote, isije ikagusa kitu kwa bahati mbaya.

"Vipi mayu, silva?" anauliza Nuruddin kwa Kisukuma chake cha kubembeleza wateja, anaifuta kwa kitambaa.

"Silva itamfaa," anasema Mahona, anaisukuma mpaka inakaribia kifua changu, "iguse basi uone ilivyo laini."

Nilikuja hapa nikingoja aniombe radhi, neno moja tu, ningeigusa hata ile nyeusi, ningemshukuru na kumbebea soda, mjinga mimi, sasa hata apige magoti kwenye sakafu hii sitaki, anunue rangi aitakayo, aibebe yeye, mimi nitapanda bodaboda hadi kwa mama, nitamfungua mtamba wangu mchana kweupe, watu wote wakiona, nitampeleka kwa mamdogo Nyanjige kule Nyashimo, na utafiti nitauandika kwa kalamu ikibidi, mlinzi na agonge… Mahona anakohoa, anatabasamu, meno ya baba kabisa, namtazama usoni, kaka yangu mkubwa huyu, na simwogopi hata kidogo.