Gaju na Masomo ya Kisangani

Wivine alikuwa mtu wa kuota mchana, na mama yake alishachoka kumgombeza. Ukimtuma kuangalia maziwa jikoni, yanafurika mpaka yanazima moto, naye amesimama palepale, mwiko mkononi, anatabasamu peke yake. Ilianza siku Sista Julienne, mwalimu wake wa biolojia, alipomwonyesha tone la maziwa ya kuganda kwenye mikroskopu ya shule. Alichungulia, akaona mji mzima. Vijiti vidogovidogo vyenye uhai vimejaa, vinasongamana kama watu wa soko la Birere, mtaa wao hapo Goma. Akili yake ilibaki mle ndani.

Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari ameshaipata, na kule chuo kikuu cha Kisangani wamemkubali akasome bioteknolojia. Neno lenyewe, loo! Baba yake, Paulin, fundi cherehani wa Birere, alilijaribu mara moja likamshinda, akaliacha. Watu wakimuuliza binti anakwenda kusoma nini, anajibu kwa sauti kubwa, "Udaktari!" Basi ni pongezi tu, mpaka sindano inamchoma kidole kwa furaha.

Binamu yake Évariste hakupongeza. Yeye alikuwa na lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya biolojia, na alikuwa anauza petroli kwa chupa kando ya barabara.

"Wivine, sikia," alimwambia. "Bourse, ile pesa ya serikali ya kusomea, inachelewa mpaka unasahau kama iko. Utalipa chumba, utakula, utanunua silabi, yale madaftari ya masomo ya waprofesa. Ukimaliza, kazi yenyewe iko wapi? Nionyeshe mlango, mimi nitaubisha."

"Siku moja itakuwa," Wivine akasema. "Labo kule milimani, mutu anachagua chachu yenye kufanya fromage, ile jibini, isioze njiani. Na migomba yenye haiugui. Naiona, Évariste."

"Unaiona kwa sababu unalala ukiwa umesimama."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Zamani naye alikuwa anaiona.

Gharama ya yote hayo ilikuwa Gaju. Paulin hakuwa na mali nyingine, ila ng'ombe huyo mwekundu aliyepewa na rafiki yake Munyakazi, mfugaji wa Masisi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimchunga. Na ng'ombe wa kupewa hauzwi ovyo. Unampelekea aliyekupa pombe ya ndizi, unamwomba, naye anakubali au anakataa. Ukimuuza kimyakimya umeua urafiki, hata watoto wenu hawatasalimiana.

Baba na binti wakapanda kamyo, lori la kwenda Masisi, na dumu lao la pombe. Milima ilikuwa inaelea kwenye ukungu. Ng'ombe walitokeza pembe kwanza, kisha uso, kisha wakapotea tena, na Wivine hakujua kama yuko macho au anaota. Alijisikia mwepesi, kama mwenye kubebwa.

Kwa Munyakazi walikaa uani, mirija kwenye kibuyu kimoja, wakazungumza mvua, majani na ndama. Adabu ndiyo hiyo, huwezi kuingia na shida yako mdomoni. Mwishowe Paulin akakohoa.

"Nimekuja juu ya Gaju. Nataka kumuuza, mutoto asome. Anakuwa daktari."

Munyakazi akang'aa uso wote. "Daktari! Apolline, mke wangu, unasikia? Mgongo wako umepata dawa! Paulin, kama ni hivyo, Gaju aende. Nimekubali."

Imekwisha, unaona? Wivine alikuwa hana hata haja ya kufungua mdomo. Kisangani ilikuwa yake, iko pale mbele. Lakini alimwona Apolline anamtazama kwa matumaini, mkono kiunoni, na roho ikamuuma.

"Hapana, muzee," akasema. "Sitakuwa daktari. Nitasoma vile vidudu vyenye kugandisha maziwa. Kazi yake haiko bado katika Zaire hii, labda sitaipata kabisa. Sitaki Gaju aende kwa uongo."

Paulin akainamisha kichwa. Aibu ilimkamata mpaka masikioni.

"Ulijua?" Munyakazi akamuuliza Paulin.

"Nilijua. Niliogopa mutacheka."

"Basi neno langu nalirudisha. Niombe tena, bila daktari ndani."

Paulin akainua kichwa, akamtazama binti yake. Ukungu ukaingia uani, ukafunika kibuyu, ukafunika miguu yao.

"Sijui ile kitu anasoma," akasema mwishowe. "Lakini mutoto mwenye kukataa ng'ombe mbele yetu sisi wawili, juu ya ukweli, mimi nitamunyima ng'ombe gani?"

Munyakazi aliweka kibuyu kando. Alisimama, akaenda mpaka kwenye uzio, akaita. Gaju akatoka ukunguni polepole, na Munyakazi mwenyewe akaiweka kamba ya ng'ombe mkononi mwa rafiki yake.

Paulin alitaka kumvuta, akashindwa. Aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe wake akalia, waziwazi, mbele ya watu.

Hapo ndoto yote ikamtoka Wivine. Aliona ng'ombe, akamwona baba yake analia, akaona anachokichukua.

"Papa," akasema, "tumuache. Nitabaki."

Paulin akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamnyooshea kamba.

"Shika, mama. Soko la ng'ombe linafungwa mapema."

Wivine akaishika.