Koti Lililopimwa kwa Jua

Saa sita ya mchana, jua likiwa limekaa juu ya mtaa wa Kabondo kama kifuniko juu ya sufuria, mtu mgeni alitokea barabarani amevaa koti zito, jeusi, refu hadi chini ya magoti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chikwange, ile mikate ya muhogo, aliacha kuhesabu chenji. Mwendesha baiskeli akasimama, mguu mmoja chini, akasahau safari yake.

"Tonton, mvua ya mawe umeiacha wapi?" yule mama akamtania.

"Nyuma yangu, mama, inakuja! Mikono yote imejaa mizigo. Koti nibebe na meno?"

Watu walicheka, lakini mgeni hakucheka nao muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamefika barazani kwa Hemedi, fundi cherehani, ambako koti jingine lilining'inia peke yake kama bwana harusi.

Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kulitazama koti lile. Hemedi alilishona kwa kufuata picha ya katalogi: kitambaa cha gabardini cha rangi ya kahawia, kiuno kimebanwa sawasawa, ndani satini inayong'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Lilikuwa la Évariste, kijana wa maabara ya Yangambi, aliyechaguliwa kwenda kusoma Ubelgiji miaka miwili. Leo ilikuwa Alhamisi ya Oktoba 1957, na meli ya kuteremka mtoni ingeondoka Jumamosi alfajiri.

Hemedi alikuwa amelipima pia. Alimsimamisha Évariste juani, vifungo vyote vimefungwa, mpaka jasho likamchuruzika kidevuni, na majirani wakapiga makofi: koti linachoma! Ndipo akamgeukia mama yake kijana, Mama Clothilde, muuza samaki wa kule kwenye maporomoko, aliyezaa watano akabaki na huyu mmoja. Akamwambia, "Mama, baridi haitaugusa mgongo wa mtoto wako. Nimesema mimi Hemedi."

Sasa mgeni aliweka mizigo chini, akaingiza mkono ndani ya koti, akaipapasa satini.

"Papa, hii koti iko ya nani?"

"Ya mutoto wa Mama Clothilde. Anaenda Ulaya."

"Atafika mwezi gani?"

"Wa kumi na moja."

"Basi itamuua."

Cherehani ilisimama katikati ya mshono. Hemedi alihisi kama mtu amemmwagia maji usingizini. "Unasema nini, wewe? Ilimtoa jasho!"

"Papa, hapa kwetu hata shuka inatoa jasho." Mgeni alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Naitwa Arthur. Miaka sita niko mpishi katika meli ya Matadi na Antwerp. Usinikubali kwa mdomo. Twende."

Alimpeleka bandarini, kwenye ghala la nyama la Mgiriki mmoja, ambako binamu ya Arthur alikuwa msimamizi wa wapagazi. Walikuwa na chumba cha barafu, chambre froide, chenye mlango mnene kama godoro. Hemedi alivaa lile koti la kahawia aliloshona, akaingia, mlango ukafungwa.

Kwanza alitaka kucheka, kwa kuwa pumzi yake ilitoka kama moshi wa sigara. Kisha kicheko kikaganda. Baridi haikuja kama upepo. Ilikuja kama mkono, ikapita katika gabardini bila kubisha hodi, na satini, ile satini yake nzuri, ikamlalia mgongoni kama samaki mbichi. Kiuno kilichobanwa hakikuacha nafasi hata ya fulana. Meno yakaanza kugongana. Kabla hajahesabu hadi mia alikuwa akipiga mlango kwa ngumi zote mbili.

Arthur akamvika lile jeusi na kumrudisha ndani. Mikono ya koti ilikuwa mifupi na mabega yalimbana Hemedi, lakini mgongoni palikuwa kama mtu amefunga dirisha.

Alipotoka alikaa juu ya kreti, midomo imekuwa ya majivu. Miaka thelathini na moja ya sindano! Alikuwa amemshonea mtoto wa watu sanda, na watu wakampigia makofi.

"Mimi sikujua," alisema hatimaye. "Arthur, sikujua kwamba baridi iko hivi."

"Nani angejua? Tazama." Arthur aliinua pindo la koti lake. "Ipite magoti. Kola isimame, ifunge shingo. Mabega yawe mapana, koti la suti likae ndani. Na nguo yenyewe, ifinye, uiache. Unaona? Imejirudia, haina kunyanzi. Hiyo ni sufu ya kweli."

Walizunguka maduka yote ya mjini wakitafuta koti la sufu. Walikuta koti moja tu, la kijivu, linalovutia. Hemedi alilifinya, likabaki na makunyanzi kama karatasi. La Arthur nalo lisingemtosha Évariste, kijana mrefu kama nguzo za mitego ya samaki pale maporomokoni.

Hemedi alirudi nyumbani, akafungua sanduku. Ndani lilikuwamo joho la baba yake, jeusi, lenye uzi wa dhahabu shingoni. Mzee alitoka nalo Maniema, na kila Maulidi Hemedi alikaa nalo mstari wa mbele. Maulidi ingekuwa Jumatatu ijayo. Alilifinya kifuani, akaliacha. Likajirudia.

Mkewe alimwona akichukua mkasi. "Baba watoto! Hapana! Jumatatu utavaa nini?"

"Kanzu."

"Watu watasema umeuza heshima ya mzee."

"Waseme." Akalitandaza joho mezani, akaufungua mkasi. Kisha ukala.

Alifumua satini yote ya koti la Évariste. Kiunoni, mabegani na pindoni alikuwa ameacha akiba ya kitambaa, kama alivyofundishwa na baba yake. Akaiachia mpaka mwisho. Joho likaingia ndani, mgongo mzima, kifua, hadi chini ya magoti, na kipande cha shingo kikawa kola.

Ijumaa baada ya swala, Évariste aliingia chumba cha barafu. Nje Mama Clothilde alisimama ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, macho mlangoni. Arthur alitazama saa. Dakika tano. Kumi. Kumi na tano.

Kijana alitoka na umande kwenye nyusi. Mama yake akamsogelea. Alipitisha mkono chini ya koti, akaulaza mgongoni, akauacha pale.

"Moto," alisema. Alipogeuza kola, uzi wa dhahabu ukang'aa. Aliujua uzi ule. Kabondo yote iliujua. "Papa Hemedi... Jumatatu je?"

Hemedi alikuwa ameinama, akifunga kifungo cha mwisho. "Vaa na skafu, mwanangu," alimwambia Évariste. "Niliahidi mgongo; shingo sikuiahidi."