Nani Alimtuma Novatus

Fuso la Pius lilishuka mlima wa Bukiriro bila breki mchana wa Jumamosi. Lilimgonga msichana aliyeitwa Aline, aliyekuwa anapandisha na mkungu wa ndizi kichwani, kisha likaenda kulala korongoni. Aline alifia palepale. Dereva, Novatus, alifia njiani akipelekwa hospitali.

Trafiki walikuja wakapima barabara na kuchora ramani ya ajali. Mkaguzi wa magari aliingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa. Lakini kwa kuwa dereva alikuwa amekufa, hapakuwa na mtu wa kupandishwa kizimbani, na faili likafungwa.

Felisita, mama yake Aline, hakukubali liishie hapo. Alikuwa ameachiwa mjukuu wa miaka miwili, Ishimwe, na shamba lisilotosha. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, na yeye alikua akiambiwa asigombane na watu wenye magari. Safari hii aligombana. Wakili wa msaada wa kisheria, dada mmoja aliyeitwa Recho, alimwandikia madai: mwenye gari, Pius, alipe fidia.

Bima ya gari ilikuwa imekwisha wiki tatu kabla ya ajali, hivyo chochote kitakachoamuliwa kingetoka mfukoni mwa Pius mwenyewe. Naye alikuwa na jibu moja, akalishikilia. Alimtuma Novatus kupeleka simenti Ngara mjini na kurudi Biharamulo. Bukiriro haiko kwenye njia hiyo. Dereva alikwenda huko kwa mambo yake binafsi, kwa hiyo kosa ni la dereva, na dereva ameshazikwa.

Siku moja Pius alifika Kanazi, nyumbani kwa mjane wa Novatus, Esperansia. Alimkuta anaanua mihogo. Aliketi kwenye stuli, akakataa uji.

“Shemeji,” alisema, “siku ya msiba uliniambia kwamba wewe ndiye uliyempigia simu apite Bukiriro. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Basi njoo useme hivyohivyo mbele ya hakimu. Sikuombi uongo hata kidogo. Na watoto wako, mambo ya shule, niachie mimi.”

Ilikuwa kweli. Mama yake Esperansia anaishi Bukiriro, na msimu ule alikuwa amemwekea magunia mawili ya maharage. Asubuhi ya Jumamosi ile Esperansia alimpigia mumewe: ukishashusha simenti, pitia kwa mama. Maharage yenyewe wala hayakuwa ya haraka. Yangeweza kukaa hata mwezi.

Pius alipoondoka, Esperansia aliingia ndani, akachukua simu yake ya kitochi, akafungua ujumbe ambao hakuwahi kumwonyesha mtu. Novatus aliuandika saa sita kasoro:

“Simenti imeshuka. Napita kwa mama kuchukua maharage. Breki bado mbovu nimempigia bosi anasema nivumilie mpaka jumatatu.”

Chini yake kulikuwa na jibu lake yeye: “Sawa. Mwambie mama anipe na viazi.”

Hilo ndilo lililomnyima usingizi mwaka mzima. Alisoma neno breki kwa macho yake, akaagiza viazi.

Siku ya ushahidi, mahakama ya wilaya ilikuwa na watu wachache. Felisita alikaa benchi la mbele, mjukuu mapajani. Esperansia alimwamkia, “Shikamoo, mama,” na Felisita akaitikia “Marahaba” bila kumtazama. Alijua Esperansia amekuja kwa upande wa nani.

Wakili wa Pius alimwongoza Esperansia taratibu baada ya kuapishwa.

“Siku ya ajali, nani alimwambia marehemu apite Bukiriro?”

“Mimi.”

“Mwenye gari alijua?”

“Sidhani kama alijua.”

“Alikwenda kuchukua nini?”

“Maharage yangu.”

Pius aliegemea kiti. Felisita alifumba macho. Mtoto alianza kulia, na bibi yake akamnong’oneza kwa Kirundi anyamaze, “Hora, hora,” akimpigapiga mgongoni.

Kisha Recho akasimama. Alionekana kama mtu anayejaribu mlango anaoamini umefungwa.

“Mama, ulipomwambia apite huko, mumeo alikujibu nini?”

Esperansia aliwafikiria watoto wake watatu na ahadi ya Pius. Alilifikiria pia jibu lake mwenyewe, lile la viazi, kwamba sasa watu wote hawa watalisikia. Akafungua mkoba, akatoa simu.

“Alinijibu kwa kuandika,” alisema. “Ujumbe ninao.”

Wakili wa Pius aliruka kupinga. Walibishana kwa muda, maneno mengi ya vifungu, mpaka hakimu akanyoosha mkono na simu ikapelekwa mbele. Aliusoma ujumbe kwa sauti. Akasoma na jibu.

“Ni wewe uliyeandika hili la viazi?”

“Ni mimi, mheshimiwa.”

“Ulielewa maana ya breki mbovu?”

“Nilielewa. Alikuwa amezoea kusema hivyo, kila wiki gari lina hili, gari lina lile. Nikaona atarudi tu kama siku zote.”

Hukumu ilisomwa wiki tano baadaye. Hakimu alisema ni kweli Novatus alikwenda Bukiriro kwa shughuli yake, na kama kosa lingekuwa mwendokasi wake tu, huenda mwenye gari angepona. Lakini ripoti ya mkaguzi ilionyesha breki zilikwisha siku nyingi, na ujumbe ulionyesha mwenye gari aliambiwa. Gari lile halikupaswa kuwa barabarani, iwe ya Biharamulo au ya Bukiriro. Marehemu naye alikosea, alisema, maana alijua na bado akaendesha. Hata hivyo Pius ndiye atakayemlipa Felisita fidia yote.

Pius alitoka bila kuaga, akiongea kwenye simu kuhusu rufaa. Yale ya shule ya watoto hayakutajwa tena.

Nje, Recho alimshika Felisita mikono yote miwili, akaondoka kwenda kufuatilia nakala ya hukumu. Felisita alibaki kwenye benchi la kungojea. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda kitu. Esperansia alimsogelea, akasimama mbele yake.

“Mama, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia apite njia ile.”

Felisita alimvuta mtoto karibu yake.

“Siwezi kukujibu leo,” alisema. “Labda siku nyingine. Leo siwezi.”

“Sawa, mama.”

Aligeuka aende. Hakuwa amefika mbali aliposikia anaitwa.

“Keti kwanza.” Felisita alimsogeza mtoto, akaacha nafasi kwenye benchi. “Mimi namwona mume wako kila siku. Namwona ndani ya lile gari, lakini hana sura. Alikuwa mtu wa namna gani?”

Tangu mazishi, trafiki, mawakili na Pius walikuwa wamemuuliza Esperansia mumewe alipita wapi, saa ngapi, kwa ruhusa ya nani. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Alikuwa mwembamba,” Esperansia alianza. “Alikuwa anaogopa baridi. Hata Januari alivaa koti, watu wakamcheka. Alipenda kuimba kanisani na hakujua kuimba. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, aliegesha gari njiani pale Nyakahura akalia, mwenyewe alinisimulia, mpaka askari wakaja kumuuliza ana nini.”

Hapo alijifunika uso na kitenge, akalia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wanaingia na kutoka mahakamani. Felisita hakumgusa, wala hakuondoka. Alikaa akingoja anyamaze, ili naye amsimulie habari za Aline.