Mtaa wa Kinyumenyume

Mkaguzi aliposema leo msafara utaanzia bandarini, Kisigino alitokwa na kijasho chembamba. Jina hilo la utani alilipata kwa kutembea kinyumenyume. Mwongoza wageni hawapi wageni mgongo, ndiyo kanuni. Naye mwaka mzima alijizoeza kuuteremka mtaa wa kale kutoka mlimani, uso kwa wageni, kisigino kikitangulia. Leo angepata beji ya mwongozaji, au angerudi kuuza vifungo dukani kwa shangazi yake.

Shangazi mwenyewe alikuwa miongoni mwa wageni, mwavuli mkononi.

"Mbona umekauka kama ukuni? Twende!"

Wakaanza kupanda. Kisigino alitembea kinyumenyume, akanyoosha mkono. "Na kushoto kwenu..." Mtaa ulikuwa mgeni machoni pake.

Wazee wa mtaa ule walikuja kwa meli, kila mmoja na lugha yake, na kila mwenye duka alitundika kibao kikitazama bandarini ili kinase mabaharia. Kisigino akiteremka kinyumenyume, vibao vilimkabili usoni: kinyozi kwa Kichina, mshona matanga kwa Kireno, fundi saa kwa Kiarabu. Alivijua kama vidole vyake. Lakini leo, akipanda, aliona migongo ya vibao tu, na juu yake vijichoro vilivyofifia: samaki, jogoo, mkasi.

"Dada, hicho kilicho nyuma yako kinasemaje?" mgeni mmoja aliuliza.

Kisigino alitaka kugeuka. Mkaguzi, aliyekuwa mbele kando yake, akakohoa.

"Geuka bwana!" shangazi akafoka. "Mimi nilikupa mgongo tangu uko mchanga, na ulilala fofofo!"

Wageni wakaangua kicheko. Kisigino akamgeukia mkaguzi. "Mzee, wewe ukiongoza wageni huwaambiaje hapa?"

"Mimi huwapandisha wageni kutoka melini."

"Kinyumenyume?"

"Kanuni ni kanuni."

"Na kushuka?"

"Hushuka kwa gari, barabara ya nyuma."

"Kwa hiyo vibao hujawahi kuvisoma?"

Mkaguzi alijikuna kidevu. "Wakiuliza, huwaambia ni matangazo."

"Na huyu jogoo?"

Hapo uso wa mzee ukachangamka. "Huyo namjua! Majirani hawakuweza kusoma maandishi ya wenzao. Basi wakachora nyuma ya vibao, ili mtoto akitumwa kutoka juu asipotee. Nenda kwa jogoo, uambiwe saa ngapi."

Kisigino alitafakari, kisha akasema polepole, "Kanuni inasema mwongozaji asiwape wageni mgongo. Haikukataza wageni kumpa yeye."

Akaenda kusimama nyuma ya kundi, uso mlimani. Mkaguzi alibaki mbele, uso bandarini, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Wageni wakawa katikati. Kisigino akasoma maandishi, mzee akasimulia michoro, na shingo zikazunguka kama feni.

"Jamani, shingo yangu si bawaba!" shangazi alilalamika, huku akiwa wa kwanza kugeuka.

"Mzee, ngazi!" Kisigino akaita.

"Naijua toka hujazaliwa!"

"Wameongeza nyingine!"

Mkaguzi alijikwaa, akazunguka, akaketi kitako juu ya rundo la vitambaa mlangoni kwa mshonaji. Hakuinuka mara moja. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa akitazama mlimani, na vibao vyote vilikuwa vikimtazama. Akavifuata kimoja kimoja Kisigino alipomsomea, midomo ikichezacheza. Kisha akatoa beji mfukoni, akampa Kisigino.

"Kesho asubuhi, bandarini," alisema. "Peke yangu sipandi tena."

"Hee!" shangazi akadakia. "Na vifungo vyangu atauza nani?"